UZI: Nilimlilia malkia wa Uingereza, na vitu vilivyofichwa kwenye nguo za ile tamthilia ya The Crown (mi ni fundi cherehani)

Fundi wa Mwanjelwa:

Kamwene wakuu, na wenyeji wa huku Mbeya ugonile. Uzi utakua mrefu, naomba mnivumilie maana jambo lenyewe limenikaa kifuani wiki ya pili sasa na kila nikikanyaga cherehani linarudi.

Mi ni fundi, nina fremu hapa Mwanjelwa, nashona zaidi magauni ya sendofu na harusi. Kwetu ni Iringa, Kalenga, hilo naliweka wazi mapema maana huko mbele tutalirudia. Sasa mwezi wa 7 mnaijua baridi ya Mbeya, ikifika saa 12 jioni vidole havishiki sindano, unafunga unaenda zako nyumbani. Binti yangu akaja na flashi imejaa sizoni akanambia mama angalia hii utapenda nguo zake. Ndo The Crown, ile ya malkia Elizabeth wa pili, ilianza 2016 ikaisha 2023, sizoni 6. Nkasema ngoja nitazame mishono episodi moja nilale. Nilikuja kulala saa 9 usiku.

Nianze na paliponiliza. Episodi ya 2. Binti ana miaka 25, yuko Kenya na mumewe, wamelala kwenye ile hoteli ya juu ya mti kule Nyeri wanatazama tembo, huku nyuma baba yake mfalme George wa sita anafariki usingizini, tarehe 6 mwezi wa 2, 1952. Watu wa ikulu wanakimbizana na simu na yeye hana habari. Anarudi kwao kavaa nyeusi, hata kulia hajalia vizuri, alafu anakuja bibi yake, malkia Mary, mama mzazi wa marehemu. Kizee. Kavaa nyeusi toka utosini mpaka sakafuni, na shela jeusi limeshuka usoni hata uso huusomi vizuri. Huyo katoka kufiwa na mtoto wa kumzaa. Mi nkajua hapa sasa bibi na mjukuu watashikana walie. Yule bibi akasimama mbele ya mjukuu wake, akashika sketi, akashuka chini akampigia goti.

Nilisimamisha hapo nkakaa.

Kwetu Uheheni mtoto wa kike ukimkuta bibi yako unashuka magoti chini ndo unasalimia, uwe na digrii uwe umeshuka kwenye gari lako mwenyewe, unashuka. Goti linatoka kwa mdogo kwenda kwa mkubwa, ndivyo tulivyokuzwa. Sasa nkamuona mtoto wa watu kafiwa na baba na wakati huohuo ananyang'anywa bibi pia, maana mtu akishakupigia goti huwezi tena kumlalia mapajani ukalia. Nani atamfuta machozi huyu? Nilijikuta nalia mimi, mbele ya kompyuta ya mtoto, kwa ajili ya mzungu ambae hata angenipita barabarani asingenijua.

Ss hapo ndo nkaanza kuangalia kwa jicho lingine, nkarudi nyuma kutafuta. Na kuna kitu kidogo naona wengi wanakipita, kiko episodi hiyohiyo wanavyopokelewa Nairobi. Wazee wa kimila wamesimama mstari, Philip mume wa binti anamsifia mzee mmoja kofia yake, mkewe anamsahihisha palepale kwa sauti ya chini, sio kofia hiyo, ni taji. Basi, wanaendelea kusalimia. Lakini fikirieni, huyo binti bado hajavikwa la kwake, na ndie pekee pale katika wageni alieona taji kwenye kichwa cha mwafrika, mumewe kaona kitu cha kuvaa tu. Tamthilia nzima mi naona imebebwa na sentensi ile. Kitambaa na manyoya na dhahabu ni vitu tu mpaka atokee mtu aseme hili ni taji, na wengine wakubali. Mwaka unaofuata wanamuwekea yeye lake, lina kilo 2 na ushee, hakuna wa kuliita kofia.

Alafu kuvikwa kwenyewe, 2 mwezi wa 6, 1953. Hii naomba niongee kama fundi. Kabla ya kupakwa mafuta wanamvua. Joho linatolewa, vito vinatolewa, anavalishwa juu ya gauni lake kigauni cheupe cha marinda kisicho na ua wala shanga, kama mtoto anaeenda komunio ya kwanza. Wanashika turubai dogo la dhahabu juu yake, watu wa kamera wanageuka. Na hii sio ya kutunga, siku ile kweli televisheni haikuonyesha kupakwa mafuta. Wakimaliza ndo wanaanza kumvisha, joho juu ya joho, mpaka mtu haonekani, linaonekana vazi limekaa kwenye kiti. Kwenye tamthilia baba yake mdogo... hapana baba yake mkubwa, yule aliejiuzulu ufalme 1936 kwa ajili ya mwanamke, anaangalia yote kwenye tv yuko Paris na anawaelezea wageni wake. Yeye anajua kila hatua kwa sababu nusura liwe lake.

Mi nimevalisha maharusi wengi sana kwa mikono hii. Kuna muda mmoja nauogopa kila mara. Chumbani kuna makelele, mama wadogo wanamgombeza bibi harusi simama vizuri, shangazi anataka pini, mtu kapoteza herini, alafu unafunga kile kifungo cha mwisho mgongoni anageuka, na sauti zinashuka. Wale wale waliokua wanamkaripia wanaanza kumuongelesha taratibu, mwengine anamwita "mama". Uso wa binti unakua kama mtu kasogezwa mbali. Ile sura ndo niliiona kwa yule mwigizaji Claire Foy walipomaliza kumvisha, nkajua aliemuelekeza amewahi kukaa chumba cha bibi harusi.

Karibuni.

Mwana wa Soweto Mbeya:

Dada heshima yako na kazi yako, lakini hapa sikubaliani na wewe. Hawa ndo waliotutawala. Mwaka huohuo wa 1952 unaolilia, mwezi wa 10 wakatangaza hali ya hatari Kenya, watu wakaswekwa kambini, na ile hoteli ya kwenye mti Mau Mau wakaichoma 1954. Tamthilia ina episodi 60, hayo yamepewa dakika ngapi? Tumepewa tembo. Wao wanatengeneza mavazi mazuri na vinanda vya huzuni sisi tunatoa machozi. Wewe na umeme wako wa kununua unamlilia mtu alielala juu ya mti ambao chini yake kuna watu hawana ardhi. Samahani kama nimekua mkali.

MamaUyole:

Mi namuelewa fundi jamani. Ile ya Aberfan ndo ilinimaliza, mi ni mke wa mtu aliewahi kuchimba makaa najua ile hofu. Kifusi cha mgodi kimeporomokea shule huko Wales, mwezi wa 10, 1966, wamekufa watu 144 na 116 kati yao watoto. Malkia alichukua siku 8 kufika. Na inaonyesha anaumia kwamba machozi hayamtoki. Nikawaza sisi kwenye msiba usipolia watu wanakuangalia vibaya, yeye kafundishwa toka mdogo asilie alafu siku inayotakiwa chozi anatafuta halipo. Ndaga fijo fundi kwa uzi.

Fundi wa Mwanjelwa:

Mwana wa Soweto hujanikosea kabisa, swali lako ndo lililonifanya nikae wiki 2 bila kuandika. Nilisema kwetu ni Kalenga. Ngoja nikujibu kutokea huko.

Kalenga ndo palipokua na boma la Mkwawa, mtawala wetu Wahehe, Wajerumani walilivunja kwa mizinga tarehe 30 mwezi wa 10, 1894, miaka 3 baada ya yeye kuwapiga pale Lugalo na kumuua kamanda wao Zelewski. Baada ya boma kuanguka mzee alikaa porini karibu miaka 4, wameweka rupia 5,000 kwa atakaeleta kichwa chake, tarehe 19 mwezi wa 7, 1898 akajipiga risasi mwenyewe kule Mlambalasi ili wasimpate hai. Wakakata kichwa wakaondoka nacho. Haya kila mtoto wa Iringa anayajua, naandika kwa ajili ya wa mikoa mingine.

Sasa vita kuu ya kwanza ilivyoisha, 1919, mkataba wa Versailles ule wa mataifa makubwa, kifungu cha 246 kinasema Ujerumani irudishe fuvu la Sultani Mkwawa ndani ya miezi 6. Na irudishe kwa nani? Sio kwa wanae. Kwa serikali ya mfalme wa Uingereza. Mfalme wa wakati huo ni George wa tano. Mkewe ndo huyohuyo malkia Mary, yule bibi wa shela jeusi alienitoa machozi.

Miezi 6 ikawa miaka 35. Twining, gavana wa Waingereza hapa Tanganyika, ndo alienda kulitafuta makumbusho ya Bremen, mafuvu 2,000, yakachambuliwa kwa kupimwa na kulinganishwa na vichwa vya ndugu zake, likaonekana moja lina tundu la risasi. Likaja Kalenga 1954, akakabidhiwa mjukuu wake chifu Adam Sapi, ambae baadae ndo alikuja kua spika wa bunge letu.

Bibi yangu alikua binti mdogo, kama miaka 10 hivi, alipelekwa siku ile. Huwa hasimulii hotuba wala askari. Alikua anasimulia mama yake. Asubuhi mama yake alitoa kaniki mpya ndani ya sanduku, nyeusi haijafuliwa bado ina ile harufu ya rangi, akajifunga, ya pili akajitanda kichwani. Mtu alikufa 1898, huyo mama hajazaliwa, na kavaa msiba kama kafiwa jana. Bibi akamuuliza kwani amekufa nani, mama yake akamwambia nyamaza, leo ndo anakuja nyumbani.

Na gavana yule kaleta fuvu kwa niaba ya nani wakuu? Kwa niaba ya binti wa kwenye mti. Hata mwaka wa pili haujaisha vizuri toka avikwe taji.

Kwahiyo Soweto, sijasahau. Nilivyoona goti la yule bibi nililia kwa vile kwetu tunaujua msiba wa kifalme, tunajua maiti inavyoacha kua ya familia. Kule mtoto hawezi kumlilia baba bila itifaki, huku kichwa cha baba kimeandikwa kwenye mkataba wa dunia katikati ya mambo ya reli na madeni. Siwezi kusema vinalingana, havilingani, wao walikaa kwenye majumba na sisi tulinyang'anywa. Lakini ukiniuliza kwa nini chozi limetoka kwa mzungu nakujibu limetoka palepale linapotokea la Kalenga, sina mawili.

Na hili la nani kaachwa nje umelisema kweli, na nguo yenyewe inasema hivyohivyo. Gauni halisi la kuvikwa taji lilishonwa na Norman Hartnell, satini nyeupe, miezi 8. Lilidariziwa maua ya kwao wenyewe na ya nchi za Jumuiya ya Madola zilizokua zinajitawala. Waridi la Uingereza, mbaruti wa Scotland, jani la mepo la Canada, jani la kangaga la New Zealand, yungiyungi kwa India na Ceylon, Pakistan ikapewa ngano na pamba na juti ile ya magunia, Afrika Kusini ua la protea. Tanganyika? Hamna. Kenya hamna. Tulikua tunatawaliwa lakini hatukustahili hata uzi mmoja, wa Afrika Kusini walipewa ua na tunajua nani alikua anajitawala Afrika Kusini 1953. Mi sketi ile nimeikuza kwenye simu nkaipitia ua kwa ua. Sisi ndo ile sehemu nyeupe katikati ya maua.

Mwana wa Soweto Mbeya:

Hapo kwenye sehemu nyeupe umenigusa dada. Nabaki na msimamo wangu juu ya tamthilia ila nimekuelewa.

Mzee wa Mufindi:

Nawasalimu nyote. Nimesoma kwa makini. Fundi unaandika vizuri lakini nadhani vijana mnachimba alama mahali ambapo hazipo. Yule kulungu wa sizoni ya 4 wanaosema ni Diana, yule aliekuja kuolewa na Charles mtoto wa malkia, mi nimefanya kazi mashamba ya chai huku tangu kijana, klabu ya wazungu ilikua na vichwa vya wanyama ukutani, nyati, pofu, kila kitu. Havikua na maana. Mtu kapiga mnyama kaweka ukutani. Scotland wana kulungu, wameonyesha kulungu.

Fundi wa Mwanjelwa:

Shikamoo mzee, na asante kwa kusoma mpaka huku chini.

Kwa ambao hawajaiona, sizoni ya 4 episodi ya 2, familia iko mapumzikoni Balmoral, kasri lao la Scotland. Kuna kulungu dume mwenye mapembe kama matawi, kajeruhiwa shamba la jirani na mgeni alielipia kuwinda, akavuka mpaka na kidonda chake akaingia kwao. Wanamsaka. Thatcher, waziri mkuu wao, kaja kutembelea, hana hata viatu vya porini, anaaibika. Diana kaja, anaenda na Philip kwenye matope, wanampata kulungu, anapigwa, wote wanampenda Diana wanasema huyu anatufaa aolewe. Mwisho kichwa kinapandishwa ukutani. Wengi wanasema kulungu ni Diana mwenyewe, siku wanayomsifia ndo siku wameshamchagulia ukuta. Mi nakubali, ukiangalia wanavyomuweka na kichwa kile kwa kupokezana, waliokata picha zile walikusudia.

Lakini mzee wangu, mi ni mtoto wa Kalenga. Mwenye mapembe kajeruhiwa na aliekuja na pesa, anachechemea porini siku nyingi, wanamfuata sio kwa njaa, alafu kichwa kinaenda kukaa kwenye nyumba ya mtu mwingine. Mi nimekulia karibu na makumbusho yale, fuvu liko kwenye kioo, tulikua tunaenda na shule tunapanga mstari. Huwezi ukaniwekea kichwa ukutani ukanambia hakina maana. Hata vile vya klabuni kwenu, aliekua anapita na sinia la chai chini ya nyati kila siku, naamini aliona kitu, sema hakuna aliemuuliza.

Na kuhusu kuchimba. Watu wa nguo tunaficha mzee, ndo kazi yetu. Hartnell kwenye gauni lilelile alidarizi kale kajani ka Ireland, kawaida kanakua na majani 3, akaweka kamoja kana majani 4, ka bahati, upande wa kushoto wa sketi, pahali ambapo malkia akishusha mkono vidole vinakagusa. Hakutangaza. Ibada yote ile ndefu, majohoni mule, kuna mtu mmoja alimuwekea kitu kwa ajili yake yeye kama yeye. Nilivyojua hili ndo nilimhurumia zaidi kuliko kwenye goti, maana ni fundi pekee aliemkumbuka.

Mi pia nimewahi. Alikuja binti wa Tukuyu kushona gauni la harusi, mama yake kafariki mwaka uliotangulia. Tumeshamaliza kupima, anatoka, anarudi kutoka mlangoni, anatoa kwenye pochi kipande cha khanga kimekunjwa kidogo kama leso. Akasema dada naomba hiki kiwemo, shangazi wasijue, wanasema nguo ya marehemu haiingii harusini. Nkafumua bitana upande wa kushoto chini ya kiuno, nkakishona humo kwa mkono, mishono midogo ya kificho, nkafunga bitana. Kwenye picha huoni kitu. Video yake waliniletea niangalie gauni lilivyokaa, na mara 3 nimemuona kashusha mkono pale. Kanisani, wakati wa keki, na wakati wanaitwa wazazi.

MamaUyole:

Jamani fundi mpaka nimeacha kupika. Hiyo khanga iliandikwa nini?

Fundi wa Mwanjelwa:

Sijui mama. Alikikunja maandishi yakiwa ndani akasema usikifungue, nkakishona hivyohivyo.